Meksiko, Julai 1988: Mfumo Ulioanguka au Ulionyamazishwa?

Miongoni mwa vyama dola vya karne ya ishirini, ni vichache vilivyoimudu sanaa ya kutawala kwa sanduku la kura kama PRI, Chama cha Mapinduzi cha Kitaasisi cha Meksiko. Tangu kilipoasisiwa mwaka 1929, kwa jina jingine, hadi kufikia 1988, chama hicho hakikuwa kimekubali kushindwa hata katika uchaguzi mmoja wa rais. Hakikuufuta uchaguzi, kiliuendesha kila baada ya miaka sita kwa ratiba isiyokosea. Upinzani uliruhusiwa, na Katiba ilimkataza rais kugombea tena. Lakini mrithi wake alimchagua yeye mwenyewe, desturi ambayo wananchi waliipa jina la kejeli, dedazo, yaani kunyoosha kidole. Aliyenyooshewa kidole alikuwa ameshashinda. Kura zilikuja baadaye, kama ngoma inavyopigwa ndoa ikiwa imeshafungwa.

Utaratibu huo ulidumu kwa sababu ulikuwa na kitu cha kugawa. Lázaro Cárdenas, aliyetawala kuanzia 1934 hadi 1940, aliwagawia wakulima takriban hekta milioni 18 za ardhi, na tarehe 18 Machi 1938 akaitaifisha sekta ya mafuta kutoka mikononi mwa makampuni ya kigeni. Warithi wake waliishi kwa mtaji huo wa kisiasa kwa miongo minne, huku wakiupunguza kidogo kidogo. Mwezi Agosti 1982 serikali ilitangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake ya nje. Yaliyofuata msomaji wa Afrika anayajua bila kusimuliwa: masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ruzuku kukatwa, mishahara kupoteza thamani. Mwaka 1987 mfumuko wa bei ulipita asilimia 150. Katikati ya dhiki hiyo, Septemba 1985, tetemeko la ardhi lililiangusha Jiji la Meksiko, na wakazi wakawafukua ndugu zao kwa mikono mitupu huku serikali ikisuasua. Vyama vya mitaa vilivyozaliwa katika vifusi vile havikuomba tena kibali cha chama tawala.

Ufa ulitokea ndani ya chama chenyewe. Cuauhtémoc Cárdenas, mwana wa Lázaro na gavana wa zamani wa Michoacán, pamoja na Porfirio Muñoz Ledo na mchumi Ifigenia Martínez, walidai mambo mawili: mgombea achaguliwe kwa kura za wanachama, na sera za uchumi zibadilishwe. Kidole kilinyooshwa Oktoba 1987, kikamwangukia Carlos Salinas de Gortari, waziri wa mipango na bajeti, msomi wa Harvard na mmoja wa wasanifu wa sera zilezile zilizolalamikiwa. Cárdenas akatoka na kugombea kwa tiketi ya muungano wa vyama vidogo, Frente Democrático Nacional. Alipofika La Laguna, eneo ambalo baba yake aligawa mashamba ya pamba mwaka 1936, wakulima walimiminika kwa maelfu. Salinas alikuwa amezomewa hukohuko. Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, Heberto Castillo, mgombea wa chama cha wasoshalisti, alijitoa na kumwachia nafasi. Ni nadra kwa mgombea wa mrengo wa kushoto, Meksiko au kwingineko, kufanya hivyo kwa hiari.

Tarehe 2 Julai, siku nne kabla ya kura, Francisco Xavier Ovando, aliyesimamia mtandao wa Cárdenas wa kukusanya matokeo, aliuawa kwa risasi pamoja na msaidizi wake, Román Gil. Usiku wa tarehe 6, matokeo ya awali kutoka maeneo ya Jiji la Meksiko yakampa Cárdenas uongozi, na kompyuta za Tume ya Uchaguzi zikaacha kutoa takwimu. Mwenyekiti wa tume hiyo alikuwa Manuel Bartlett, waziri wa mambo ya ndani, yaani mwamuzi aliyevaa jezi ya timu moja. Diego Fernández de Cevallos, mwakilishi wa chama cha kulia cha PAN, alicheza na maneno: katika Kihispania, kitenzi cha kuanguka na kile cha kunyamaza hufanana matamshi katika wakati uliopita. Mfumo, alisema, haukuanguka; ulinyamaza. Usiku huohuo Cárdenas, Manuel Clouthier wa PAN na Rosario Ibarra, mama wa kijana aliyepotezwa na dola, walikwenda pamoja wizarani kupinga.

Salinas alitangazwa mshindi kwa zaidi kidogo ya asilimia 50. Cárdenas akapewa takriban 31. Katika vituo zaidi ya 54,000, matokeo ya karibu 25,000 hayakuwekwa wazi kituo kwa kituo. Makaratasi ya kura yalilindwa na wanajeshi katika jengo la Bunge hadi Desemba 1991, wabunge wa PRI na PAN walipopitisha kwamba yateketezwe. Fernández de Cevallos yuleyule alikuwa miongoni mwa walioiunga mkono hoja hiyo.

Ndiyo maana siwezi kuliita tukio lile hitilafu ya mitambo. Kilichoibwa hakikuwa kiti tu, bali haki ya wananchi kuamua juu ya njia ya uchumi. Salinas aliuza shirika la simu, mwaka 1992 akairekebisha Ibara ya 27 ya Katiba ili ardhi ya pamoja ya vijiji iweze kuuzwa, na akaifungamanisha nchi na Marekani kwa mkataba wa biashara huria ulioanza tarehe 1 Januari 1994, siku ambayo Wazapatista waliinua silaha huko Chiapas.

Cárdenas angeweza kuwaamuru wafuasi wake waivamie Ikulu. Wapo waliotaka hivyo. Aliwataka wajipange badala yake, na mwaka 1989 akaasisi PRD. Wapo wanaouita uamuzi huo woga. Mimi nauona kuwa sahihi, ingawa haukuwa na bei nafuu: mamia ya wanachama wa PRD waliuawa katika miaka iliyofuata. Mwaka 1997 alichaguliwa kuongoza Jiji la Meksiko, na PRI haikushindwa urais hadi 2000, tena na chama cha kulia.

Mrengo wa kushoto uliingia Ikulu mwaka 2018, Andrés Manuel López Obrador aliposhinda kwa zaidi ya asilimia 53. Alipogawa vyeo, shirika la umeme la taifa alilikabidhi kwa Manuel Bartlett. Watetezi wake walisema mzee huyo alikuwa amepigania kwa miaka mingi umeme ubaki mali ya umma, na hilo ni kweli. Wajane wa 1988 hawakuulizwa.