Paa la kitambaa likivuja: jinsi ya kulizuia maji ukiwa nyumbani

Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, nilirudisha pesa za harusi. Sikuwa nimechelewa, gari halikuzima njiani, wala sikumkosea mtu adabu. Nilirudisha pesa kwa sababu ya matone.

Nina gari la zamani la viti vinne ambalo paa lake ni la kitambaa na hukunjwa nyuma. Hapa Mombasa gari la namna hiyo lina soko lake: maharusi hupenda kupita mjini wakionekana. Siku hiyo mvua ilitukuta kwenye foleni ya daraja la Nyali. Nikafunga paa haraka, nikajua tumesalimika. Hazikupita dakika kumi, maji ya rangi ya chai yakaanza kumdondokea bi harusi begani. Gauni lilikuwa jeupe. Shangazi yake alinitazama tu bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Fundi niliyemwendea kesho yake aliniambia nibadilishe paa lote, na bei aliyonitajia ilizidi mapato yangu ya miezi mitatu. Sikuwa nazo. Ikabidi nijifunze mwenyewe, nikaharibu mara ya kwanza, nikapata mara ya pili. Haya ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyaona, kwa mpangilio ambao ningetamani mtu angenipa mapema. Kwa kifupi ni kwamba dawa ya kuzuia maji huja mwishoni. Ukianza nayo, umetupa pesa.

Jua paa lako limetengenezwa kwa nini

Mapaa haya hayafanani. La kwanza ni la kitambaa halisi, ambalo ukilipapasa unahisi nyuzi. Mara nyingi huwa na tabaka tatu: juu kitambaa cha nyuzi za akriliki au poliesta, katikati mpira mwembamba, na ndani kitambaa cha pamba au mchanganyiko. Kinachozuia maji hasa ni ule mpira wa katikati. Kazi ya dawa ni kufanya kitambaa cha juu kisinywe maji. Kikinywa, paa huwa zito, huota ukungu, na maji hukaa juu ya mishono mpaka yapate njia.

La pili ni la plastiki laini iliyobandikwa juu ya kitambaa, ile ambayo mafundi wetu wa viti huiita reksini. Wenye tuktuk wanaifahamu vizuri. Hii hainywi maji, kwa hiyo dawa ya kitambaa haiisaidii. Inachohitaji ni kuoshwa, kupakwa dawa ya kukinga plastiki na jua ili isikauke na kupasuka, na kuzibwa mishono.

La tatu ni turubai la pamba, kama la Land Rover za zamani. Pamba ikilowa nyuzi zake huvimba na kubana, ndiyo maana turubai jipya huweza kuvuja mvua ya kwanza kisha likatulia.

Jaribio ni rahisi. Mwagia paa kijiko cha maji. Yakisimama kama shanga na kuteleza, paa bado lina kinga. Yakienea na kitambaa kikageuka cheusi, kinga imekwisha.

Tafuta maji yanapoingilia

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilinunua dawa, nikapulizia paa zima, na mvua iliyofuata sakafu ikajaa maji vilevile.

Jirani yangu, mzee wa Mji wa Kale aliyefanya kazi ya kukalafati majahazi ujanani, alinikuta nikikamua zulia la gari barazani. Akacheka. "Mwanangu," akaniambia, "chombo hakivuji ubaoni. Huvuja maungioni." Akanishika mkono, tukalizunguka gari lote.

Tulianza na mirija ya kutolea maji. Magari mengi ya paa la kukunja yana mirija miwili nyuma ya viti au pembeni, inayopokea maji yanayoteremka kutoka paani na kuyatoa chini ya gari. Majani ya mwarobaini na vumbi huiziba. Ikiziba, maji hujaa na kumwagikia ndani, nawe unalaumu kitambaa. Mimina kikombe cha maji kwenye tundu na utazame chini ya gari. Yasipotoka, pitisha mshipi mnene wa nailoni taratibu. Usitumie waya mgumu, utatoboa mrija. Yangu ilikuwa imeziba yote miwili.

Kisha tazama mipira ya milangoni na ile ya juu ya kioo cha mbele. Ioshe kwa maji na sabuni, ikaushe, uipake grisi ya silikoni kidogo. Usiipake mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini. Mafuta ya petroli huuvimbisha mpira na kuudhoofisha.

Mwisho, mtu mmoja akae ndani na tochi na mwingine amwage maji kwa kopo, sehemu moja baada ya nyingine, akianzia chini kwenda juu. Tia alama ya chaki kila tone linapoonekana. Ukianza kumwagia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yalikoingilia.

Osha, kisha suuza kuliko unavyodhani inatosha

Sisi wa Pwani tuna adui wawili: chumvi ya bahari na ukungu. Dawa haishiki juu ya chumvi wala juu ya ukungu.

Paa likiwa limefungwa, fagia vumbi kwa brashi laini. Lowesha, kisha osha kwa sabuni ya maji isiyo kali, ukisugua polepole kufuata nyuzi. Usitumie brashi ya kufulia mazulia, na usielekeze mashine ya maji ya kasi kwenye mishono. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe iache kabisa, kwani hula uzi na kuchubua rangi. Palipo na ukungu, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, acha kwa dakika kadhaa, kisha sugua.

Halafu suuza. Ukidhani umemaliza, suuza tena. Sabuni iliyobaki ndani ya nyuzi huvuta maji, na dawa itakayopakwa juu yake itakuwa kazi bure. Maji yanayotoka yawe safi na yasiwe na povu hata kidogo.

Kausha na ufunike

Acha paa likauke siku nzima, likiwa limefungwa. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na kitambaa kinaweza kuonekana kikavu juu huku mishono bado imelowa. Bonyeza karatasi ya shashi kwenye mishono. Ikitoka na unyevu, subiri.

Kabla ya kupaka, funika vioo na rangi ya gari kwa magazeti ya zamani na utepe wa karatasi. Dawa ikikaukia kwenye kioo au rangi huacha madoa magumu kutoa. Kama dirisha lako la nyuma ni la plastiki, lifunike vizuri zaidi, maana likipata ukungu wa kemikali halirudi kuwa angavu.

Ziba mishono kwanza

Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Uzi ukiwa umeoza kwa jua, peleka paa kwa fundi wa viti ashone upya kwa uzi wa poliesta. Kazi hiyo ni ndogo na bei yake ni ndogo. Uzi ukiwa mzima, paka dawa ya kuzibia mishono, ile inayotumika kwenye mahema, kwa brashi nyembamba. Ipake kwa ndani ikiwa unafikika, la sivyo kwa nje, mstari mwembamba. Iache ikauke kama maelezo yanavyosema. Mzee wangu aliitazama kazi hiyo akasema, "Ndiyo kalafati hiyo. Mmebadilisha jina tu."

Sasa dawa

Soma kopo. Liwe limeandikwa kwamba ni la vitambaa vya nje au vya mapaa ya magari. Fanya kazi kivulini, asubuhi au jioni, pasipo na upepo. Jua la saa saba hukausha dawa kabla haijaingia kwenye nyuzi. Vaa kitambaa cha pua, kaa mahali penye hewa, na asiwepo mvutaji sigara karibu, kwani dawa nyingi hizi hushika moto.

Gawa paa katika sehemu nne. Pulizia au paka sehemu moja hadi ilowe sawasawa bila kutiririka, kisha nenda ya pili, ukipita kidogo juu ya mpaka wa ile ya kwanza. Rudia mishononi. Subiri ikauke, kisha paka mara ya pili, nyembamba vilevile. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mnene. Baada ya hapo gari lisiguswe na maji kwa siku nzima.

Dawa za mtaani za kuepuka

Nimeshauriwa mengi: oili chafu ya injini, nta iliyoyeyushwa katika mafuta ya taa, mafuta ya kitani. Mchanganyiko wa oili na mafuta ya taa utaharibu ule mpira wa katikati, na utachafua kila anayegusa. Mafuta ya kitani yana hatari nyingine. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Ukiyatumia kwa kazi yoyote nyumbani, yatandaze matambara nje yakauke.

Kanuni nyingine ndogo: usikunje paa likiwa limelowa. Ukilazimika, lifungue likauke ukifika nyumbani. Ukungu wangu wote ulianzia hapo.

Lini ufanye kazi hii

Wakati mzuri ni kaskazi, Januari na Februari, kabla ya masika kufika. Ukingoja mawingu ya Aprili, hutapata siku mbili kavu mfululizo. Rudia jaribio la kijiko kabla ya vuli, mwezi wa Septemba. Shanga zikiwepo, acha. Zisipokuwepo, osha na upake tena.

Gharama yangu yote, pamoja na fundi wa kushona, haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya paa jipya. Lakini sitakudanganya: paa lililopasuka au lililochanika mpira wake wa ndani haliponi kwa dawa. Hilo badilisha.

Mei iliyofuata nilibeba harusi nyingine, na mvua ikatukuta njiani kuelekea Kisauni. Nilifunga paa, nikawa naendesha jicho moja kwenye barabara na jingine kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Bi harusi alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kona ya kiti, kule kule kulikokuwa kukidondoka, amelala usingizi.