Taruma Hutafutwa Mtini

Tangu Janine Benyus wa Marekani alipochapisha kitabu chake mwaka 1997, ubunifu unaojifunza kwa maumbile umekuwa somo lenye jina katika vyuo vya usanifu na uhandisi. Pwani ya Afrika Mashariki ulifundishwa zamani bila jina hilo, tena kwa ukamilifu unaokosekana katika madarasa mengi ya leo. Waundaji wa majahazi wa Lamu, kwa mfano wale wa Matondoni, hawakuchora ramani. Kwa taruma, yaani ubavu wa chombo, fundi alitafuta tawi au shina lililokua likiwa limepinda, kisha akalichonga kwa tezo. Nyuzi za mti wa namna hiyo hulifuata pindo lote. Ubao ulionyooka ukichongwa uwe upinde, nyuzi hukatika, na chombo kikipigwa na mawimbi hapo ndipo unapopasuka. Mwanafunzi alianza kwa kazi ndogo, kuvuta keekee na kutia kalafati, huku jicho lake likizoea kuliona taruma katika mwembe ungali umesimama. Alifundishwa mti kwanza, umbo baadaye.

Atatokea wa kusema kwamba hiyo haikuwa elimu, ni uhaba wa mashine tu. Uhaba ulikuwepo, nakubali, lakini uhaba peke yake haumwonyeshi mtu pindo lipi litabeba mzigo na lipi litavunjika. Hoja nzito zaidi ni ya mtepe, chombo kilichounganishwa kwa kushonwa. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vimetajwa na mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 1, aliyeeleza bandari ya Rhapta. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi bila misumari, ukagusa fungu la mchanga na kulegea badala ya kupasuka. Hata hivyo ulivuja, mishono yake ilidai kurudiwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukatoweka. Hayo yanathibitisha kwamba maumbile hayatoi jibu la bure. Fundi alijua faida ya kamba na gharama yake pia.

Ujuzi huo wa gharama ndio unaopotea mwanafunzi anapopewa picha tu. Jengo la Eastgate la Harare, lililokamilika mwaka 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, husifiwa darasani kwa kuiga kichuguu. Jengo linapoa vizuri, ila watafiti wa baadaye walionyesha kuwa hewa haizunguki kichuguuni kama ilivyodhaniwa. Mwanafunzi wa usanifu angefaa kukaa na mwanabiolojia kabla ya kushika kalamu, na mtoto wa shule ya msingi apasue tawi aone nyuzi zinapopita. Ni kweli uanagenzi ulikuwa wa polepole, na mara nyingi ulibaki ndani ya ukoo, ilhali shule humfungulia kila mtoto mlango. Basi shule ibaki na mlango wake, imwite fundi aingie, angali yupo na miti iliyopinda ingali inapatikana.