Asasi Zinazolipwa na Umma na Haki ya Kuona Nyaraka Zake

Sheria ya Uhuru wa Habari ya Marekani, iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson tarehe 4 Julai 1966, ilimpa kila mtu haki ya kudai nyaraka za serikali kuu. Asasi zisizo za faida zinazoendeshwa kwa fedha za umma zilibaki nje. Mwaka 1974 Bunge liliongeza mashirika yanayodhibitiwa na serikali, lakini kamati ikaeleza kwamba Shirika la Utangazaji wa Umma, lililokuwa likitengewa fedha na Bunge hilohilo, halikukusudiwa.

Ukubwa wa mwanya huo ulidhihirika katika kesi ya Forsham dhidi ya Harris. Jopo la madaktari na wanasayansi, lililopewa ruzuku ya takriban dola milioni 15 tangu 1961, lilifuatilia wagonjwa wa kisukari zaidi ya 1,000, likaonya kwamba huenda dawa ya tolbutamide inaongeza vifo vya maradhi ya moyo. Madaktari waliotilia shaka matokeo hayo waliomba takwimu ghafi, kumbukumbu zipatazo milioni 55. Wizara ya serikali iliyotoa ruzuku hiyo ikajibu kwamba haikuwa nazo. Kweli haikuwa nazo, ingawa masharti ya ruzuku yaliipa haki ya kuzichukua. Machi 1980 Mahakama ya Juu iliamua kwamba takwimu zilizoandaliwa na kuhifadhiwa na asasi binafsi si nyaraka za serikali. Jaji William Brennan alipinga, na hoja yake ilikuwa nzito: taarifa zinazoongoza maamuzi ya serikali wananchi wanazihitaji, zikae popote zinapokaa.

Mwaka huohuo mahakama ya jimbo la Connecticut ilishika njia nyingine. Woodstock Academy, shule iliyoanzishwa 1801, ilikuwa na wadhamini binafsi, lakini ndiyo iliyosomesha vijana wa sekondari wa mji wake kwa fedha za umma. Mahakama iliuliza mambo manne: asasi inafanya kazi ya serikali? Inalipwa na nani? Serikali inaisimamia kiasi gani? Nani aliiunda? Shule ikabanwa na sheria. Kipimo hiki ni cha haki zaidi, kwa kuwa kinaangalia kazi yenyewe.

Marekebisho ya Seneta Richard Shelby ya 1998 yalifungua takwimu za tafiti za ruzuku, lakini kanuni za utekelezaji zikayabana. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Iowa iliamua kwamba mfuko binafsi uliochangisha fedha kwa ajili ya chuo kikuu cha jimbo lazima ufungue vitabu vyake, kwa sababu serikali haiwezi kukodisha kazi yake ili kuikwepa sheria.