Garansi: mzizi wenye ulitia sufu rangi

Bandugu, sisi wenye tulisoma kilimo tunajua kinkina ya Kivu: ganda lake njo linatoa kwinini. Mwaka 1856, kule London, kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini bila ule muti. Hakuipata. Akapata rangi ya zambarau.

Mbele ya pale, rangi ilikuwa kazi ya mkulima. Watu wa Ulaya walichemsha uzi wa sufu na shabu, kisha na mizizi ya garansi, ukatoka mwekundu. Wakulima wa Vaucluse, Ufaransa, waliishi na hiyo mizizi. Mwaka 1868, Wajerumani Graebe na Liebermann wakatengeneza rangi yake katika maabara. Bei ikaanguka, mashamba yakaachwa. Mwaka 1897, kampuni ya BASF ikauza nili ya kiwandani. Wakulima wa India nao wakaumia.

Ni mnunuzi alipata njia ingine. Leo wenye kutia uzi rangi kwa mkono wanaitafuta tena, lakini kidogo kidogo. Basi mbele ya kumushauri mkulima apande, tupime udongo, tupime na mnunuzi.