Jembe na Nyumba

Agosti 1960 Tanganyika ilifanya uchaguzi ambao wananchi wengi hawakupata hata nafasi ya kupiga kura. Kati ya viti 71, wagombea 58 wa chama cha TANU walipita bila kupingwa. Chama kilikosa kiti kimoja tu, Mbulu, na hata hicho kilinyakuliwa na Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyeamua kusimama peke yake baada ya chama kumpitisha mwingine.

Ushindi wa namna hiyo ulimsumbua Julius Nyerere, kiongozi wa TANU. Ikiwa aliyepitishwa na chama ameshashinda, mbunge atamwogopa nani: mpiga kura au ofisi ya chama? Januari 1964 aliunda tume chini ya Rashidi Kawawa itafute namna ya kuwa na chama kimoja huku mwananchi akibaki na la kuchagua. Mwaka 1965 jibu likatoka: katika kila jimbo washindane wana-TANU wawili waliopitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa, mmoja kwa alama ya jembe, mwenzake nyumba.

Masharti yalibana. Wagombea walipanda jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama. Ukabila, dini na rangi vilipigwa marufuku, Kiswahili ndicho kikawa lugha pekee ya kampeni, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba ametumwa na Mwalimu Nyerere. Sera ya chama nayo ilikuwa moja. Basi kikabaki nini cha kubishania? Alama! Wa jembe alisema bila jembe hakuna anayekula. Wa nyumba akajibu kwamba hata mkulima jioni hurudi nyumbani.

Utani huo haukuwapumbaza wapiga kura. Septemba waliwabwaga mawaziri wawili na manaibu kadhaa. Aliyeshtua zaidi ni Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyeangushwa Mwanza Mashariki. Huyu ndiye aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa miaka ya 1950, wakajenga ushirika wa kuwapiku wafanyabiashara wa kati. Lakini kufikia 1965 mkulima alitazama makato ya ushirika huohuo, akanung'unika. Huko Morogoro, Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alimshinda mpinzani Mwafrika, kisha akakabidhiwa Wizara ya Fedha aliyoiacha Bomani.

Bomani mwenyewe hakukaa nje muda mrefu. Rais Nyerere alimrudisha kwenye Baraza la Mawaziri, na watu wa Mwanza wakaonyeshwa mpaka wa kura yao ulipo. Mwaka 1968 ukaonekana mpaka wa pili: wabunge kadhaa walifukuzwa TANU, na kwa kuwa asiye mwanachama hakustahili kuwa mbunge, viti vyao navyo vikaenda. Wapiga kura wao hawakuulizwa.

Jembe na nyumba vilitumika hadi 1990. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Lakini sharti la uanachama halikuondoka pamoja na jembe na nyumba. Mbunge anayevuliwa uanachama na chama chake bado hupoteza kiti, na mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga katazo la mgombea binafsi mahakamani kwa miaka mingi, hadi Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao Arusha, ilipoamua kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Uchaguzi wa 2015 ulipofika, kila jina kwenye karatasi ya kura lilikuwa bado na chama chake.