Tsavo: Maji Yalikuwepo, Malisho Hayakuwepo

Mwaka 1961, ukame ulipoikaba Tsavo nchini Kenya, faru weusi walianza kufa kando ya mto Athi. Walinzi wa hifadhi waliofuata kingo za mto huo walihesabu mizoga zaidi ya mia mbili katika kipande cha kilomita sitini na kitu. Mto wenyewe haukuwa umekauka. Athi ni mmoja wa mito michache ya nyika ile inayotiririka mwaka mzima, na faru wale walikufa hatua chache tu kutoka majini, mbavu zikihesabika. Kiu haikuwagusa. Kilichowamaliza ni njaa, kwa sababu kila kichaka kilichokuwa karibu na mto kilikuwa kimegugunwa hadi shina, na waliothubutu kwenda mbali kutafuta majani walilazimika kurudi tena kunywa.

Historia ya kuwapelekea wanyama maji katika nyika za Afrika Mashariki imejaa watu wenye nia njema, mashine za kuchimba na mabwawa yaliyofunguliwa kwa shangwe. Mimi nadhani ingepaswa kuanza na mizoga hiyo ya Athi.

Sisi wa Simi-Simi inatubidi tujikaze kidogo kuielewa habari hii. Huku kwetu Kisangani, nchini Kongo, mvua haina mwezi inaousahau. Kwa mwaka inafika milimita 1,700 hivi, na mto wa kwetu hauhitaji kutafutwa. Tembo wa msitu wa Ituri hawahangaiki na maji. Wanachosafiria ni chumvi na madini, ambayo huyafuata kwenye vinamasi vilivyo wazi katikati ya miti. Hata hifadhi zetu zenye mbuga za nyasi, Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert na Garamba ya mwaka 1938, zina maziwa na mito yake. Tsavo ni dunia nyingine. Mvua huko ni kati ya milimita 250 na 500 kwa mwaka, inagawanyika katika misimu miwili, na kuna miaka msimu mmoja au yote miwili inapita bila tone la maana.

Serikali ya kikoloni ilipoitangaza hifadhi ya Tsavo mwezi Aprili 1948, ikiwa na ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000, haikuwa inatoa ardhi iliyogombewa na walowezi. Palikuwa na mbung'o, miiba, na joto la kuchemsha ubongo. Walioijua nyika ile kwa miguu ni Wakamba, Wataita, Waorma na zaidi ya wote Wawaata, wawindaji wa tembo kwa upinde na mishale ya sumu, ambao hifadhi iliwageuza kuwa majangili ndani ya usiku mmoja. Wao walijua kila shimo la maji kwa jina lake. Hilo vitabu vya hifadhi huligusa kwa haraka mno.

Hifadhi iligawanywa mbili kwa ajili ya usimamizi, Mashariki na Magharibi, na mgawanyo huo ulikuwa pia wa maji. Magharibi ina chemchemi za Mzima. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu inapenya kwenye mawe ya volkano, inasafiri chini kwa chini, kisha inachomoza Mzima ikiwa safi kama kioo, zaidi ya lita milioni 200 kila siku, na viboko wanaoga humo. Sehemu ya maji hayo ilitegwa katika miaka ya 1950 na kupelekwa Mombasa kwa bomba. Kwa hiyo, katika kipindi kilekile ambacho Tsavo Mashariki ilikuwa inahangaika kutafuta maji ya tembo, Tsavo Magharibi ilikuwa inayapeleka kwenye mifereji ya pwani.

Mashariki ilibaki na Galana, mto unaozaliwa Athi na Tsavo zinapokutana. Mito mingine, Voi na Tiva, kwa sehemu kubwa ya mwaka ni barabara za mchanga. Kuna pia jabali la Mudanda, mwamba mrefu unaokusanya maji ya mvua na kuyamwaga kwenye dimbwi lililo chini yake, ambako tembo walikuwa wakija kwa mamia.

Tena kulikuwa na visima vya tembo wenyewe, vilivyotangulia mashine zote. Tembo anaposimama juu ya mchanga mkavu wa Tiva hachimbi popote. Ananusa, anasogea, ananusa tena. Kisha anaanza kuparuza kwa mguu wa mbele, anachota mchanga kwa mkonga na kuutupa kando, mpaka shimo linakuwa jembamba na refu kiasi cha mkonga kuzama wote. Maji yanapoanza kujipenyeza ni ya tope. Anayafyonza na kuyamwaga, anasubiri, halafu ndipo anakunywa ya pili yaliyo safi. Akiondoka, faru anashika zamu, kisha ngiri, nyani na kanga. Maji ya namna hii yana mpaka wake: yanatosha wachache, na mchanga ukikauka zaidi ya urefu wa mkonga, kila mmoja anahama.

Mpaka huo ndio binadamu aliokuja kuuondoa. David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki tangu mwanzo wa hifadhi hadi mwaka 1976, alikuwa mtu wa vitendo. Alifungua barabara, alipambana na majangili, na mwaka 1952 likakamilika bwawa la Aruba, tuta lililozuia mto Voi na kuzaa ziwa la hekta 80 na zaidi pale ambapo zamani palikuwa na nyasi kavu. Wanyama walilifuata mara moja. Wageni nao walifuata wanyama, na nyumba ya kulala wageni ikajengwa kando ya maji. Picha za tembo wekundu kwa udongo wa Tsavo, wamejipanga kwenye ukingo wa Aruba, zilizunguka dunia nzima. Baadaye vikafuata visima virefu vya kuchimba kwa mashine, na vinu vya upepo vya kuvutia maji juu.

Kwa mtu aliyeona mizoga ya mwaka 1961, kuchimba maji zaidi ilikuwa hatua ya kawaida kabisa. Simlaumu. Lakini tazama jinsi wanyama wanavyotumia maji. Tembo mzima anakunywa lita mia na zaidi kwa siku moja, na pundamilia na nyati hawakai mbali na maji kwa muda mrefu. Choroa, swala twiga na tandala mdogo wao wanaweza kuishi kwa unyevu wa majani. Ukiweka maji ya kudumu katikati ya nyika, umewaalika wale wa kundi la kwanza wakae mwaka mzima mahali walipokuwa wanapita kwa miezi michache tu. Nyasi na vichaka vya eneo hilo vilizoea kupumzika, na sasa havipumziki tena. Miaka ya mvua nzuri hakuna anayeona tatizo. Idadi inapanda, na kila mtu anapongezana. Duara la udongo mtupu kuzunguka maji linapanuka polepole, na kila mwaka mnyama anatembea mbali kidogo zaidi kati ya kinywaji na chakula.

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 Tsavo na maeneo yanayoizunguka ilikuwa na tembo wapatao 35,000. Miti ilikuwa inaangushwa, mibuyu inachanwachanwa, vichaka vinageuka mbuga. Ndipo akaja Richard Laws, mwanasayansi Mwingereza, kuongoza utafiti wa tembo wa Tsavo. Tembo 300 walikuwa wameshapigwa risasi mwaka 1966 ili wachunguzwe. Laws akapendekeza wapigwe wengine wapatao 3,000. Sheldrick alikataa katakata, akisema nyika ina mizunguko yake, na miti na tembo hupishana. Wadhamini wa hifadhi walisimama na Sheldrick, na Laws akaondoka mwaka 1968. Ubishi ule unakumbukwa kama ubishi wa bunduki. Kwangu mimi ulikuwa ubishi wa maji pia, kwa sababu kundi kubwa namna ile haliwezi kukaa kwenye nchi kavu bila mahali pa kunywea.

Nyika ilijibu mwaka 1970 na 1971. Mvua zilikatika, na tembo takriban 6,000 wakafa. Timothy Corfield, aliyechunguza vifo hivyo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973, aligundua kwamba kifo kilichagua. Majike na ndama ndio waliofagiliwa. Dume anaweza kutembea mbali na maji, akala na kurudi siku nyingine. Jike mwenye ndama anafungwa na miguu ya mtoto wake. Alibaki karibu na maji pale ambapo chakula kilikwisha mapema. Ni habari ileile ya faru wa Athi, ikiwa na idadi kubwa mara ishirini na zaidi.

Kilichofuata kinajulikana. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza tembo wa Tsavo mpaka hesabu ya mwaka 1988 ikakuta 5,400 hivi, na swali la maji likazikwa chini ya swali la pembe. Wengi wao walipigwa kando ya maji; jangili naye anajua mnyama wa ukame anapatikana wapi. Tangu hapo wameongezeka tena, na hesabu ya mwaka 2021 ilikaribia 15,000.

Wenye somo zito zaidi ni Waafrika Kusini, na walilipa bei yake. Katika hifadhi ya Kruger kampeni ya kuwachimbia wanyama maji ilianza miaka ya 1930 na kuendelea kwa nusu karne, hadi visima zaidi ya 300 vikachimbwa. Kaskazini mwa hifadhi hiyo waliishi korongo, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda kuelekea mgongoni, wanaopenda nyasi ndefu na faragha. Visima vilipofunguliwa kwao, pundamilia na nyumbu wakahamia, nyasi zikafyekwa, na simba wakafuata pundamilia. Mwaka 1986 korongo walikuwa kama 450. Mwaka 1993 walibaki 45. Wasimamizi walifunga visima vya eneo hilo, na kisha wakaanza kufunga vingine hifadhi nzima. Pundamilia walipungua pale. Korongo hawakurudi kwa idadi yao ya zamani.

Zimbabwe haina nafasi hiyo ya kufunga. Hifadhi ya Hwange ilianzishwa mwaka 1928 kwenye mchanga wa Kalahari, bila mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, na mkuu wake wa kwanza, Ted Davison, alianza kuchimba visima katika miaka ya 1930. Leo kuna tembo wapatao 45,000 wanaotegemea pampu hizo, ambazo nyingi zimehamishwa kutoka dizeli hadi sola. Mwaka 2023 mvua zilipochelewa, tembo wasiopungua 100 walikufa hata hivyo. Ukizima pampu unaua. Ukiiacha unaongeza watakaokufa kesho. Wale waliochimba kisima cha kwanza hawakuwa na namna ya kujua kwamba walikuwa wanasaini mkataba usio na tarehe ya mwisho.

Kuna jaribio moja lililopita njia ya kinyume, nalo ni Amboseli. Hifadhi hiyo ilipotangazwa mwaka 1974, Wamaasai walitakiwa waache vinamasi vinavyolishwa na maji ya Kilimanjaro, na kwa fidia wakachimbiwa visima na kutandikiwa bomba la maji nje ya hifadhi ili ng'ombe wanywe huko. Bomba lilifanya kazi miaka michache, mafuta na vipuri vikakosekana, na mifugo ikarudi vinamasini kunywa pamoja na tembo. Wafugaji walikuwa wametimiza sehemu yao.

Bwawa la Aruba nalo limejaa tope. Mto Voi unaleta udongo kila unapofurika, na kuna miaka ziwa lile la hekta 80 linabaki uwanja wa nyufa. Maji ya Tsavo Mashariki siku hizi yanatoka zaidi kwenye visima vyenye vinu vya upepo na paneli za sola, kazi ambayo shirika lililoanzishwa mwaka 1977 kwa jina la Sheldrick linaifanya pamoja na idara ya wanyamapori ya Kenya. Mwaka 2016 mkulima wa Taita Taveta, Patrick Kilonzo Mwalua, alianza kukodi lori na kumwaga lita kama 11,000 kwa safari moja katika mashimo makavu ya Tsavo Magharibi. Nyati walijifunza kuitambua ngurumo ya lori na kulisogelea. Ni kitendo cha huruma ambacho hakuna hesabu ya malisho inayoweza kukikataza, na mimi nisingekuwa na uso wa kumwambia aache.

Ila ukame wa mwaka 2022 ulirudisha swali la zamani mezani. Mwezi Novemba mwaka huo wizara ya utalii ya Kenya ilitoa orodha ya vifo vya miezi tisa: nyumbu 512, pundamilia wa kawaida 381, tembo 205, nyati 51, twiga 12, na pundamilia wa Grevy 49. Wa Grevy wanabaki kama 3,000 tu duniani, na karibu wote wako kaskazini mwa Kenya, kwa hiyo 49 ni pigo. Huko Samburu watunzaji wao walikuwa tayari wameacha kutegemea maji peke yake: walisomba marobota ya nyasi kavu na kuyatandaza kwenye njia zinazotumiwa na pundamilia hao, mbali kidogo na mahali pa kunywea.