Kitako cha Bunduki ya Babu

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Oman, bunduki ya babu hutundikwa ukutani pamoja na jambia, na huteremshwa siku za Idi na harusi kwa ajili ya razha. Mwaka jana kijana mmoja alituletea ya kwao tuitazame. Ilikuwa Martini-Henry. Kitako chake kilikuwa kikimteleza mkononi, basi alikipiga msasa mpaka mti mpya ukatokea, akapaka gundi ya kuchanganya, akanyunyiza mchanga laini, kisha akamaliza kwa rangi nyeusi. Kazi aliifanya vizuri, na sasa kiganja kinashika barabara. Alilotaka kwetu ni tarikhi ya bunduki hiyo.

Tarikhi ya jumla tuliweza kumpa. Jeshi la Uingereza lilianza kutumia Martini-Henry mwaka 1871. Zilipokuja bunduki za risasi nyingi, hizi za risasi moja moja ziliuzwa kote duniani, pamoja na zilizoundwa na viwanda vya watu binafsi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, Unguja ikiwemo. Maskati, kwa kuwa iko Bara Arabu, haikuwa ndani ya mpaka huo, na biashara ikashamiri huko. Mwaka 1912 Sultan Faisal bin Turki alikubali silaha zote ziwekwe katika ghala moja chini ya usimamizi. Jambo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyowakasirisha watu wa bara ya Oman, na mwaka uliofuata wakamchagua Imam Salim bin Rashid al-Kharusi.

Ama tarikhi ya bunduki ile moja, hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye mti. Bunduki za serikali ya Kiingereza zilipigwa muhuri wa duara ubavuni mwa kitako. Kwenye chuma cha bunduki hii hatukuona alama ya serikali, na kwenye mti hapakuwa tena na kitu cha kutazamwa. Tulipokwenda kumwamkia shangazi yake, bibi mtu mzima aliyezaliwa Unguja, alituambia kuwa marehemu baba yake alikuwa amechonga jina lake kitakoni kwa ncha ya kisu, kwa herufi za Kiarabu, kabla ya kupanda jahazi kwenda Unguja. Bunduki alimwachia ndugu yake. Karatasi zake zote zilibaki Unguja mwaka 1964. Jina lile kitakoni ndilo lililokuwa mwandiko wake pekee uliosalia.

Hatumlaumu kijana. Haja ya kitako kisichoteleza ni ya kale, na jasho la Oman linajulikana. Mafundi wa Ulaya walikata mistari inayopishana hadi mti ukatoa vijino vidogo vya almasi. Wazee wetu walifuata njia nyingine. Tazameni abu fatila, bunduki ya utambi, yenye kitako chembamba: kasiba na mti vimefungwa pamoja kwa pete za fedha, na mfua fedha alizitia nakshi. Zile Martini nazo zilipambwa kwa fedha namna hiyo hiyo. Pete huvuliwa, na chini yake mti umebaki kama ulivyokuwa.

Kwa hivyo tunawaomba wenye amana hizi: kwanza hakikisheni bunduki haina risasi. Kisha pigeni picha kila upande, mwanga ukitoka ubavuni ili michoro hafifu ionekane, na muwaulize wazee wangali hai. Uchafu ufutwe kwa kitambaa kikavu. Kama ni lazima mkono ushike, zungusheni ukanda wa ngozi laini na mfunge kwa uzi, bila gundi wala misumari. Baada ya harusi mtaufungua. Msasa usiguse mti.

Shangazi yule tulimpa karatasi na kalamu, tukamwomba atuandikie jina kama alivyolikumbuka. Aliliandika polepole, akasita kwenye herufi ya mwisho. Baba yake, alisema, alikuwa akiivuta mkia mrefu mpaka karibu na chuma.